Kabla shamba la mwisho la kahawa Ruiru halijakatwa ploti

Mhariri,

Kila mara miji mikubwa ya Kenya inapotajwa, nasikia Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Ruiru haimo. Sisi hutajwa kukiwa na ajali Thika Road, kukiwa na ploti za kuuzwa, au mtu akisimulia alivyokula nyama choma Jumapili pale Kamakis. Naomba nafasi katika ukurasa wako niueleze mji huu nikiwa mtu aliyezeekea ndani yake, kisha niwaombe wanaoupangia mambo kitu kimoja wakati bado kinawezekana.

Nianze na hesabu za serikali. Sensa ya 2019 ilipata watu 490,120 katika mji wa Ruiru. Eldoret ilikuwa na 475,716, Kisumu 397,957, na jirani yetu Thika, ambao wengi hudhani ni mkubwa kuliko wetu, 251,407. Miji iliyotupita ilikuwa mitatu tu: Nairobi, Mombasa na Nakuru. Katika sensa iliyotangulia, ya 2009, Ruiru tulikuwa 238,858. Yaani kwa miaka kumi tuliongezeka zaidi ya maradufu. Tuliokuwa huku hatukumngojea karani wa sensa atuambie. Tuliona kwa macho jinsi nyumba za ghorofa zilivyokuwa zikiota Kihunguro, Mwihoko na Githurai, hata mtu akienda ushago mwezi mmoja akirudi anauliza njia ya kwake.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024. Tangu sheria ya miji irekebishwe mwaka wa 2019, kiwango cha watu kinachotakiwa ili mji uitwe jiji ni 250,000. Ukitazama idadi peke yake, Ruiru tumekivuka mara mbili kasoro kidogo. Lakini sikuandika barua hii kuomba cheti cha jiji. Cheti hakichimbi mtaro wala hakijengi darasa. Ninachotaka kwanza ni kwamba mtu anayeketi ofisini kupanga mambo ya kaunti yetu ya Kiambu aache kutuona kama kituo cha basi kati ya Nairobi na Thika.

Kwa asiyeifahamu, Ruiru iko kilomita ishirini na kitu kutoka katikati ya Nairobi ukielekea Thika. Upande wa Nairobi tunaanzia Githurai. Githurai 44 ni ya Nairobi, Githurai 45 ni yetu. Namba zote mbili ni za njia za basi za zamani, na ukivuka kutoka moja hadi nyingine umebadilisha kaunti bila kujua. Kutoka hapo unapita Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, Membley, pale inapoanzia Eastern Bypass, ndipo unafika Ruiru yenyewe. Ndani zaidi kuna Gitothua ninakoishi, Gatongora, Kiuu, Mwiki, Mwihoko. Viwanda tunavyo: vya chuma, vya nyuzi, vya maziwa. Chuo cha kufunzia askari wa magereza kiko hapa. Reli ya Nairobi iliyofika Thika mwaka wa 1913 inapita katikati yetu, na treni ya abiria hadi leo husimama Ruiru asubuhi na jioni.

Hata umeme wa kwanza wa Nairobi ulitoka kwetu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, maporomoko ya mto Ruiru ndiyo yaliyotumiwa kuzalisha umeme wa kuwasha taa za mji mkuu. Baadaye, karibu mwaka wa 1950, mto huo huo ulijengewa bwawa huko juu Githunguri, na maji yake yakaelekezwa Nairobi. Naeleza haya ili mwenzangu wa Nairobi ajue kwamba deni la ujirani lipo tangu zamani.

Sasa njoo steji saa kumi na moja asubuhi. Giza bado. Akina mama wa mandazi na chai wamekwisha kuwasha jiko. Makanga anaita "Tao! Tao ya haraka!" na foleni ya watu walioshika vikombe vya plastiki vyenye vyakula vya mchana inasogea. Mlinzi wa usiku anashuka akirudi nyumbani, fundi wa ujenzi anapanda. Mvua ikidondoka nauli inapanda kabla tone la pili halijaanguka. Kufikia saa mbili mitaa imetulia, tumebaki wazee, watoto wadogo na yaya wao, wenye vioski na vijana wa boda boda. Hawa waliotoka asubuhi utawaona tena saa mbili au tatu usiku. Kijana mmoja anayepanga kwenye ploti ya jirani yangu, mtu wa Vihiga, mwenye adabu sana, aliniambia siku moja nikimsalimia kwenye lango: "Shosho, mimi nimekaa hapa miaka mitatu na sijui hii barabara inaonekanaje mchana, isipokuwa Jumapili."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kwa sababu yananieleza kwa nini mji wenye watu karibu nusu milioni hauna sauti. Wengi wa majirani zangu wanalala hapa na kufanya kazi Nairobi. Kura yao iko kwao, Busia au Kitui au Nyeri. Wakifariki, chama hukusanya pesa, gari likakodiwa, wakapelekwa kwao. Siwalaumu hata kidogo, mtu ana haki ya kupenda kwao. Lakini watoto wao wanazaliwa hapa, wanasoma hapa, na wanaumwa wakiwa hapa. Mtoto wa yule kijana wa Vihiga atakapoulizwa kwao ni wapi, atasema Ruiru, na itakuwa kweli.

Naomba sasa niseme kidogo kuhusu kahawa, kwa kuwa huwezi kuelewa ardhi ya huku bila kuelewa kahawa, na kahawa ndiyo kazi niliyoifanya.

Nilipokuwa msichana, ukitoka Ruiru kwa miguu kwenda upande wowote ulikuwa unatembea ndani ya kahawa. Yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi, yenye kambi za wafanyakazi, na baada ya uhuru baadhi yakabaki mikononi mwa kampuni, mengine yakanunuliwa na watu wetu waliochanga shilingi zao katika kampuni za kununua mashamba. Ndiyo sababu leo sehemu kama Mwihoko na Githurai zina ploti ndogo ndogo zilizobanana: shamba moja liligawiwa wanahisa wengi, kila mmoja akapata chake, na kila mmoja akafa akawaachia watoto.

Mimi niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika kituo cha utafiti wa kahawa, pale Jacaranda. Wakati huo wakulima walikuwa bado wanaogopa chulebuni. Ni ugonjwa unaoingia tunda likiwa kijani: unaona kidoa kimoja cheusi kilichobonyea, wiki chache baadaye tunda zima limenyauka likiwa mtini. Ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1922, na mlipuko wa 1968 uliwaumiza wakulima vibaya sana. Kupuliza dawa kulihitaji pesa ambazo mkulima mdogo hana. Kwa hivyo mwaka wa 1971 watafiti walianza kutafuta mbegu itakayostahimili chulebuni na kutu ya majani kwa pamoja, na mwaka wa 1985 wakaitoa. Wakaiita Ruiru 11.

Watu wengi hawajui mbegu ile hupatikana kwa vidole. Mti wa kahawa hujichavua wenyewe. Ukiacha ua lifunguke, limeshamaliza kazi yake na mbegu utakayopata si ile unayoitaka. Kwa hiyo unaliwahi likiwa bado limefumba, jeupe, limesimama wima kama mshumaa mdogo. Unashika petali kwa ncha za vidole, unavuta mara moja, na zile sehemu za kiume zinatoka pamoja nazo. Kinachobaki ni ule uzi mwembamba wa kike katikati. Ukiuvunja, tunda hakuna. Ukimaliza tawi unalifunika kwa mfuko, halafu unarudi na chavua ya mti dume uliochaguliwa, unapaka uzi mmoja baada ya mwingine, unafunga tena, unatundika kibandiko chenye tarehe. Na kahawa haikungoji. Siku kama nane au kumi baada ya mvua ya kwanza, shamba lote huchanua kwa pamoja, na harufu yake huingia hadi ndani ya nyumba. Wiki hiyo sisi wanawake wa uchavushaji hatukuwa na Jumamosi wala Jumapili.

Ruiru 11 ni mti mfupi. Mkulima anaweza kupanda miti karibu mara mbili ya ile ya zamani kwenye ekari moja. Ilitengenezwa ikimfikiria mwenye shamba dogo. Ilipofuata aina nyingine, Batian, mwaka wa 2010, ambayo mbegu yake haihitaji kazi ile ya mkono, tayari jina la mji wetu lilikuwa limezoeleka kwa wanunuzi wa kahawa nchi za mbali. Natamani lingezoeleka hivyo kwa wanaogawa bajeti.

Lakini bei iliangusha kila kitu. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kahawa kwa kila nchi ulivunjika, na bei ikaporomoka. Kenya iliyokuwa imevuna zaidi ya tani 120,000 katika msimu wa 1987/88 siku hizi huvuna kama tani 50,000, mwaka mwingine hata pungufu. Mkulima wa Ruiru akawa anatazama mti ambao haumlipi, na upande wa pili wa ua anatazama mtu wa Nairobi anayetafuta mahali pa kujenga. Kisha ikaja barabara. Rais Mwai Kibaki alipoifungua Thika Superhighway Novemba 2012, kilomita 50 hivi, kwa gharama ya zaidi ya Sh30 bilioni, safari iliyokuwa ikitumaliza asubuhi nzima ikawa fupi, na kahawa ikawa imeshindwa kabisa. Nakumbuka trekta liking'oa visiki kwenye shamba ambalo mama yangu alichuma kahawa. Visiki viliuzwa kuni. Wiki iliyofuata yalikuja mawe ya mipaka, na mwezi uliofuata bango lenye namba ya simu.

Sitaki mtu anifahamu vibaya. Barabara ile ni baraka, na aliyeuza shamba lake aliuza mali yake. Binti yangu amejenga kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 iliyokuwa kahawa, na mimi nilifurahi siku ya kuezeka. Watu lazima walale mahali, na Nairobi imewapandishia kodi hadi wakatufuata huku. Ninachouliza ni hiki: shamba la ekari mia likikatwa, ardhi ya watu wote iko wapi?

Pita kwenye mtaa wowote mpya huku utazame. Kuna ploti, kuna njia nyembamba ya kufikia ploti, kuna ploti nyingine. Shule hakuna. Zahanati hakuna. Soko liko kando ya barabara, mama amepanga nyanya zake juu ya gunia palipokusudiwa kuwa mtaro. Kipande cha kanisa utakipata kwa sababu waumini walichanga wakanunua. Hakuna aliyechanga kununua mahali pa watoto kucheza. Uwanja wa Ruiru upo mjini, ndiyo, lakini mtoto wa darasa la nne anayekaa Mwihoko hafiki huko kwa miguu.

Mjukuu wangu na wenzake walikuwa na kiwanja chao. Ilikuwa ploti tupu nyuma ya kioski, nyasi zimeliwa na mbuzi, goli ni mawe mawili kila upande. Walikuwa wakicheza hapo kila jioni, na Jumamosi walikuja vijana wa mtaa wa pili kwa mechi ya soda. Siku moja lori lilimwaga mawe ya kujengea katikati ya uwanja. Watoto walizunguka lile rundo wakacheza nusu ya uwanja iliyobaki. Siku iliyofuata likaja la mchanga. Mwenye ploti ni mtu mzuri, aliwapa watoto biskuti, na alikuwa ameingojea siku hiyo kwa miaka. Sasa wanacheza barabarani kwenye murram. Mmoja wao hukaa kwenye kona kazi yake ikiwa kupiga kelele "Boda!" ili wenzake wapishe. Mjukuu wangu ana kovu kwenye goti la siku ambayo yule wa kona alichelewa.

Shule ni vivyo hivyo. Shule ya umma iliyo karibu nasi ilianzishwa enzi za watoto wa wafanyakazi wa mashamba. Eneo lake halijaongezeka hata futi moja, na sasa inapokea watoto wa ghorofa zote zilizoizunguka. Nimeingia darasani siku ya wazazi nikakuta watoto wanne kwenye dawati la wawili, na mwalimu anasahihisha vitabu akiwa amesimama mlangoni kwa sababu hana pa kupita. Walimu wale wanajitahidi, nawaheshimu. Mzazi mwenye uwezo kidogo anampeleka mtoto akademia iliyo ndani ya nyumba ya kuishi, ambako saa ya michezo watoto wanaruka kamba sebuleni. Na hata serikali ikitoa pesa kesho za kujenga shule mpya, itajenga wapi? Itabidi inunue ploti moja moja kwa bei ya leo kutoka kwa watu ambao wamekwisha kujenga.

Hapa ndipo kwenye shida yenyewe, nami naomba wasomaji wako wa Juja, Kikuyu, Kitengela na Athi River wanisikilize, maana wako nyuma yetu kwenye foleni hii hii. Maji yanaweza kuja baadaye. Tumeyaona yakija: bwawa la Karimenu II kule Gatundu Kaskazini lilifunguliwa mwaka wa 2022, na sehemu ya maji yake imekusudiwa Ruiru na Juja. Mitaa kadhaa imeonja nafuu, ingawa kwetu bado tunaweka akiba kwenye mapipa na mikokoteni ya mitungi haijakosa wateja. Lami inaweza kuja baadaye. Bomba la maji taka pia, hata ikiwa ni kwa kuchimbua barabara upya. Ardhi haiji baadaye. Ikishakatwa na kupewa hati imekwisha.

Na bado ipo iliyobaki. Ukienda upande wa juu, kuna mashamba ya kahawa ambayo hayajaguswa, na kuna mashamba makubwa ambayo yameanza kugeuzwa miji mipya. Tatu City peke yake, iliyo juu ya mashamba ya kahawa ya zamani, ni kama ekari 5,000. Pale ramani ilichorwa kwanza, barabara zikapimwa, mahali pa shule na pa bustani pakawekwa kabla ya nyumba. Kwa hiyo si kwamba jambo hili haliwezekani Ruiru. Linawezekana kwa anayeweza kununua huko ndani. Mtoto wa bedsita ya Gitothua naye ana miguu ya kukimbia.

Hakuna anayeweza kukata shamba bila idhini ya kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 imeweka kibali hicho mikononi mwa kaunti, na kaunti inaweza kuweka masharti. Ombi langu ni kwamba kila shamba kubwa linalokatwa Ruiru kuanzia sasa litoe kipande cha umma kwanza, kabla ploti ya kwanza haijauzwa. Kipande cha maana, pahali pa tambarare pafaapo shule na uwanja, si ule ukingo wa mto wenye miamba ambao hakuna mteja angeutaka. Kisajiliwe kwa jina la umma siku ile ile, na hati yake iwekwe mahali tunapoweza kuiona. Na ile michoro ya kukata mashamba ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu, kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili. Sasa hivi mwananchi anajua shamba limekatwa anapoona trekta.

Ombi la pili ni dogo lakini naliona la lazima. Katiba inasema wananchi washirikishwe. Basi tunaitwa kutoa maoni. Nimehudhuria vikao hivyo. Huitwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Waliopo huwa ni wazee kama mimi, wanasiasa wanaotaka kuonekana, na vijana waliofuata chai na mkate. Kikao kimoja kilijadili barabara za mtaa wetu, na kati ya watu waliokuwa ukumbini sikumwona hata mpangaji mmoja wa zile ghorofa. Walikuwa Nairobi, wanatafuta kodi ya nyumba. Jioni niliwasimulia pale langoni yaliyosemwa, na yule kijana wa Vihiga akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza ukumbini: kama mtaro utafunikwa, kama kutakuwa na taa, kwa kuwa mkewe hushuka steji usiku. Maswali hayo yalistahili kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na hayakuandikwa kwa sababu mwenye kuyauliza alikuwa kazini.

Vikao viitwe Jumapili, saa nane mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na kula. Wapangaji waambiwe wazi kwamba wanaruhusiwa kusema, kwa maana wengi wanadhani mikutano ni ya wenye ploti. Wenye ploti wenyewe wabandike tangazo kwenye ngazi. Na maafisa waje na ramani wanayoweza kuifungua juu ya meza, tuoneshane kwa kidole shamba lipi limebaki na uwanja utakaa wapi.

Chama chetu cha akina mama wa Gitothua kina hema moja na viti mia ambavyo hukodisha harusini na mazishini. Nimewauliza wenzangu na wamekubali: kikao cha namna hiyo kikiitwa, vitaletwa bure.

Mstaafu wa utafiti wa kahawa,
Gitothua, Ruiru